Sindromu ya Angelman: Mtoto Anayecheka Hata Akiumwa

Katika kliniki nyingi za watoto za Kisumu na kaunti jirani, mtoto ambaye hajaketi bila kushikiliwa kufikia mwezi wa kumi, ambaye anatimiza miaka miwili bila kutamka neno, na ambaye ameanza kupatwa na degedege, aghalabu huondoka na moja kati ya majina matatu: mtindio wa ubongo, kifafa au usonji. Majina hayo hayatolewi kwa uzembe. Mtindio wa ubongo ni jambo la kawaida mahali ambapo uchungu wa uzazi wakati mwingine huendelea kwa muda mrefu mno kabla mama hajafika hospitalini, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huanza, kama inavyostahili, na lile analoliona mara kwa mara. Hata hivyo wako watoto ambao historia yao haiafikiani na jina walilopewa. Walizaliwa miezi ikiwa imetimia, wakalia mara tu walipotoka, hawakulazwa kwa umanjano wala kwa homa ya uti wa mgongo, na picha ya ubongo ikipigwa huonekana ya kawaida au karibu na kawaida. Baadhi ya watoto hao wana sindromu ya Angelman.

Ni hali adimu. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 12,000 hadi 20,000, wavulana kwa wasichana. Lakini uadimu huo usitupumbaze. Kaunti ya Kisumu ilihesabiwa kuwa na watu 1,155,574 katika sensa ya 2019. Kwa makadirio hayo, kati ya Maseno na Muhoroni wangepaswa kuwapo makumi ya watu wenye hali hii, wakubwa kwa wadogo. Nadhani walio na jina hilo kwenye faili zao ni wa kuhesabika.

Mzazi ana haki ya kuuliza jina lina faida gani ikiwa hakuna tiba ya kuiondoa hali yenyewe. Jibu langu, na ndilo nitakalolitetea katika makala haya yote, ni kwamba jina sahihi lina kazi hata pasipo tiba: linaamua ni dawa gani ya degedege itumike na ipi iepukwe, linajibu swali la mimba ijayo kwa namna ambayo neno "mtindio wa ubongo" haliwezi kujibu, na linamwondolea mama lawama ambayo hakuistahili tangu mwanzo.

Aliyeieleza hali hii kwanza alikuwa Harry Angelman, daktari wa watoto wa mji wa Warrington nchini Uingereza, ambaye mwaka 1965 aliandika kuhusu watoto watatu waliotembea kwa mishtuko, waliocheka mno na ambao hawakuzungumza. Yeye aliwafananisha na vikaragosi vya kuchezeshwa kwa kamba, jina ambalo wazazi hawakulipenda, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1982 madaktari wengine walipendekeza hali hiyo iitwe kwa jina lake yeye. Mwaka 1987 iligunduliwa kwamba baadhi ya watoto hao wamepungukiwa kipande cha kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na mwaka 1997 jeni yenyewe inayohusika, yaani agizo moja la urithi kwenye uzi huo, ikajulikana.

Kinachoonekana kwa macho

Mtoto mchanga mwenye sindromu ya Angelman hana dalili ya kumshtua mkunga. Pengine hunyonya kwa shida, maziwa yanamrudi, au ulimi hausukumi maziwa nyuma ipasavyo. Mambo ambayo watoto wengi huwa nayo na yakapita. Ni kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili ndipo mzazi huanza kuona kwamba ule ukurasa wa hatua za ukuaji kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto haujazwi. Shingo ilikaza kwa kuchelewa, kuketi kumechelewa, mikono hutetemeka mtoto anapoinyoosha kuchukua kitu. Wengi huanza kutembea kati ya umri wa miaka miwili na nusu na sita, na hutembea miguu ikiwa imetanuka huku mikono imeinuliwa na kukunjwa kwenye viwiko, kama mtu anayevuka utelezi. Takriban mmoja kati ya kumi hatembei kamwe. Kichwa hukua polepole kuliko mwili, hivi kwamba kufikia miaka miwili kipimo chake huwa chini ya wastani kwa watoto wengi wa hali hii. Maneno huwa machache mno au hayapo kabisa. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba mtoto huyu huchelewa, ila hapotezi alichokwisha kujifunza. Mtoto aliyekuwa akisema au akishika vitu vizuri kisha akaacha anapaswa kuchunguzwa kwa hali nyingine.

Kuna pia kicheko. Mtoto hutabasamu mapema, hucheka kwa urahisi na kwa muda mrefu, hupepea mikono akifurahi, na hupenda watu kiasi cha kuwarukia hata wageni. Ni sifa inayowafariji wazazi, lakini ina hatari yake, kwa kuwa kicheko hicho hakiambatani na furaha wakati wote. Mtoto anaweza kucheka akiwa na maumivu ya sikio, akiwa na hofu, au akiwa na tumbo lililofunga choo kwa siku kadhaa. Mazungumzo ya mlangoni pa chumba cha matibabu yanaweza kwenda hivi:

"Mama, huyu mbona anacheka? Mtoto mgonjwa hachangamki hivi."

"Sista, huyu hucheka hata akiumwa. Tangu jana hajanywa chochote, na usiku hakulala kabisa."

Mama huyo ametoa habari yote inayohitajika, na akipuuzwa kwa sababu ya tabasamu la mwanawe, nimonia au maambukizi ya masikio yanaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana mlezi anapaswa kujua dalili za maumivu za mtoto wake mwenyewe, iwe ni kukataa kinywaji, kujipiga kichwa, kukunja miguu au kunyamaza ghafla, na kuzitaja waziwazi kwa kila mhudumu mpya.

Nakala ya mama, nakala ya baba

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na kwa hiyo jeni nyingi huja kwa nakala mbili. Kwa kawaida nakala zote mbili hufanya kazi, na moja ikiharibika ile nyingine mara nyingi hutosha. Jeni iitwayo UBE3A, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, haifuati utaratibu huo. Katika seli za neva za ubongo, nakala iliyotoka kwa baba hunyamazishwa, na ile iliyotoka kwa mama ndiyo pekee hutumika. Ni mfano wa boma lenye mifereji miwili ya maji, ambapo mmoja ulifungwa kwa kufuli tangu siku ya kwanza. Kila mtu anachota kwenye ule ulio wazi na hakuna anayelalamika. Lakini ule ulio wazi ukikatika, boma zima linakosa maji, ingawa ule wa kufuli una maji tele ndani yake. Hivyo ndivyo watu wote tulivyo. Tofauti ya mtoto mwenye sindromu ya Angelman ni kwamba kwake ule mfereji wa wazi ndio uliokatika.

Kazi ya UBE3A ni kutengeneza protini inayoweka alama kwenye protini nyingine zilizokwisha kutumika, ili seli izivunje na kuziondoa. Protini hiyo ikikosekana, pale ambapo neva mbili hukutana na kupashana habari hapajirekebishi ipasavyo, na matokeo yake huonekana katika kujifunza, usemi, mizani ya mwili, usingizi na degedege. Katika sehemu nyingi za mwili nje ya ubongo nakala zote mbili hufanya kazi, ndiyo sababu moyo na figo za watoto hawa kwa kawaida havina tatizo.

Mfereji huo hukatika kwa njia zaidi ya moja. Kwa takriban asilimia 70 ya watoto, kipande kizima cha kromosomu ya 15 iliyotoka kwa mama kimepotea. Kwa takriban asilimia 10 kipande kipo, ila ndani ya jeni yenyewe kuna kosa la kimaandishi. Wachache walipata kromosomu zote mbili za 15 kutoka kwa baba na hawakupata ya mama. Wachache wengine wana kromosomu ya mama ambayo imebeba, kimakosa, alama za kikemikali zinazoifanya isomwe kana kwamba ni ya baba. Wanaobaki wana dalili zote na vipimo havioni chanzo. Eneo hilohilo la kromosomu, likipungua upande wa baba badala ya mama, huleta hali tofauti kabisa iitwayo Prader-Willi, ambayo huanza na mtoto mlegevu asiyeweza kunyonya na baadaye kuwa na njaa isiyoshiba. Kromosomu ni moja, kipande ni kimoja, na bado asili ya kilichopotea inazaa watoto wasiofanana hata kidogo.

Sasa, maneno "nakala ya mama imepotea" ni hatari yakitamkwa ovyo mbele ya ukoo. Mama ambaye tayari anatazamwa kwa jicho la pembeni anaweza kurudi nyumbani na cheti kinachoonekana kuthibitisha yale yaliyokuwa yakisemwa. Kwa hiyo ni lazima maelezo yamalizike. Kipande hicho hupotea wakati yai linapoandaliwa, kromosomu zinapobadilishana vipande, na hatua hiyo ya mayai hufanyika mama mwenyewe akiwa bado mimba tumboni mwa mama yake. Haikutokana na alichokula, kazi alizofanya, sindano ya kupanga uzazi, wala ugomvi wa nyumbani. Katika jamii ya Waluo watu watataja chira, yaani balaa linalofuata kuvunjwa kwa mwiko. Sina nia ya kubishana na mila za mtu, ila tukio lenyewe lilitokea kabla mama huyo hajaolewa, kabla hajazaliwa hata yeye, na mwiko wa ndoa hauwezi kulifikia.

Kuna shutuma nyingine isiyosemwa sana hadharani. Karibu na UBE3A ipo jeni ya OCA2, inayohusika na rangi ya ngozi, nywele na macho, na kipande kikubwa kinapopotea nayo huenda nacho. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa mweupe kidogo kuliko ndugu zake na wazazi wake wote wawili, na nywele zake zikawa na wekundu. Baba anayeanza kujiuliza maswali kuhusu uaminifu wa mkewe anapaswa kupata maelezo haya kutoka kwa daktari, akiwa ameketi hapohapo pamoja na mama, badala ya mama kuachiwa kazi ya kujitetea peke yake.

Swali la mimba ijayo hutegemea aina. Ikiwa kipande kimepotea, au mtoto alipata kromosomu zote mbili kwa baba, uwezekano wa kurudia kwa kawaida ni chini ya asilimia 1. Ikiwa kuna kosa ndani ya jeni ya UBE3A na mama mwenyewe amelibeba, uwezekano ni nusu kwa nusu katika kila mimba. Mama huyo anaweza kuwa mzima kabisa kwa sababu kosa lilimjia kupitia kwa baba yake, upande ambao ubongo hautumii. Wajomba wa mtoto na dada za mama yake wanaweza kuwa wamelibeba vilevile bila dalili yoyote. Watoto wa mjomba hawatapata sindromu hii hata wakilirithi, kwa kuwa limewajia upande wa baba. Lakini binti yake mwenye kosa hilo, atakapozaa, anaweza kuona kile ambacho ukoo haujakiona kwa vizazi viwili. Familia haiwezi kujua iko upande gani kwa kumtazama mtoto.

Kupima

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachosoma zile alama za kikemikali kwenye DNA, yaani kemikali ya urithi, ya kromosomu ya 15. Hugundua takriban asilimia 80 ya watoto wenye sindromu hii. Kikitoka cha kawaida huku dalili zikibaki nzito, hufuata kipimo cha kuisoma jeni ya UBE3A herufi kwa herufi. Vipimo hivi si vya maabara ya kituo cha afya. Sampuli mara nyingi hupitia maabara za binafsi na kusafirishwa nje ya nchi, na bei yake ni mzigo kwa nyumba nyingi, kwa hiyo inafaa kuuliza mapema bima italipia nini. Mahali pa kuanzia ni kwa daktari bingwa wa watoto katika hospitali ya rufaa, iwe ni Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia, au Moi kule Eldoret.

Kabla ya hapo kuna hatua moja ninayoiona kuwa haipewi uzito wake. Kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko kipimo cha jeni, na watoto wenye sindromu ya Angelman huwa na mawimbi makubwa ya polepole yenye sura inayotambulika, wakati mwingine hata kabla ya degedege ya kwanza. Daktari akiwa amedokezewa anachotafuta, kipimo hicho kinaweza kumpa sababu nzuri ya kuagiza cha jeni. Mzazi naye anaweza kusaidia kwa kurekodi kwa simu mtoto anavyotembea, anavyopepea mikono na anavyopatwa na degedege, kwa kuwa mambo hayo mara nyingi hayajitokezi ndani ya dakika chache za kuonana na daktari.

Degedege, malaria na dawa

Zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye hali hii hupata kifafa, kwa wengi kabla ya kutimiza miaka mitatu. Huo ndio umri uleule ambao malaria huwasumbua sana watoto wa kanda ya Ziwa, na malaria nayo huleta degedege. Mkanganyiko hauepukiki. Zaidi ya hayo, homa ya aina yoyote huchochea kifafa cha mtoto mwenye sindromu ya Angelman, hivyo kipimo cha malaria kinaweza kuwa na jibu la ndiyo kwa haki kabisa, dawa ikatolewa, homa ikaisha, na faili ikafungwa. Swali linalopaswa kuulizwa ni moja: mtoto alikuwa akifanya nini kabla ya homa ya kwanza? Malaria kali inaweza kumwachia mtoto madhara ya ubongo, lakini haiwezi kueleza kwa nini hakuwa ameketi miezi mitatu kabla hajaugua.

Si kila mshtuko huwa wa kuanguka na kutoa povu. Mtoto anaweza kukodoa macho kwa sekunde chache na kurudi, kudondosha kichwa, au kutikisika mikono kwa mirusho midogo inayofanana na kushtuka usingizini. Iko pia aina ambayo huendelea kwa saa au siku bila kuonekana kuwa degedege: mtoto aliyekuwa mchangamfu anazubaa, udenda unamtoka kuliko kawaida, anashindwa kushika kijiko alichokuwa akikishika juzi. Hali hiyo inahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo jina linapogeuka kuwa jambo la matibabu. Kabamazepini ni dawa ya kifafa inayotumika sana, na inawafaa watu wengi. Kwa watoto wenye sindromu ya Angelman inaweza kuzidisha baadhi ya aina za degedege, hasa ile mirusho midogo na ule mkodoo wa macho. Vigabatrini nayo huepukwa. Madaktari wanaoijua hali hii huelekea kwenye dawa kama levetirasetamu, klobazamu, klonazepamu au valproeti, kwa kutazama umri na afya ya mtoto. Mtoto aliyepewa kabamazepini kwa sababu faili inasema "kifafa" tu, na ambaye degedege zake zimeongezeka badala ya kupungua, anastahili kutazamwa upya. Nasisitiza: kutazamwa na daktari. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla nyumbani, hata kama inashukiwa, kwa sababu kukatisha kwenyewe kunaweza kuleta degedege isiyokoma.

Maji, usiku na joto

Watoto wengi wenye hali hii huvutwa na maji kupita kiasi: beseni, dimbwi la mvua, mtungi, mfereji unaotiririka. Kwa mji uliokaa ukingoni mwa ziwa, na kwa vijiji vilivyo kando ya Nzoia au Nyando, jambo hilo si la kuchekesha. Mtoto asiyejua hatari, asiyeweza kuita na ambaye anaweza kupata degedege wakati wowote hatakiwi kuachwa karibu na maji hata dakika moja, na hiyo ni pamoja na ndoo ya kufulia iliyoachwa uani ikiwa na maji kidogo. Visima vya uani vifunikwe kwa mfuniko wenye komeo. Hapohapo, maji yakiwa na mtu mzima karibu ni mazoezi mazuri ya misuli na furaha ambayo mtoto huyu haipati kwingine.

Usingizi ni mfupi na wa kukatika, na katika chumba kimoja cha kupanga Manyatta au Nyalenda mtoto anayeamka saa nane za usiku akicheka huamsha watu wote. Saa maalum za kulala, giza, na kutompa mchezo anapoamka husaidia kiasi. Baadhi huhitaji melatonini kwa ushauri wa daktari. Joto pia huwasumbua, kwa hiyo mchana wa Kisumu unadai kivuli na maji ya kunywa ya mara kwa mara. Na kwa kuwa hutafuna kila kitu, chandarua chenye dawa kikunjwe mbali naye anapoamka.

Kuzungumza na asiyezungumza

Ningeambiwa nichague jambo moja la kuwekewa juhudi nyumbani na shuleni, ningechagua mawasiliano. Mtoto mwenye sindromu ya Angelman huelewa mengi zaidi ya anayoweza kuyasema, na pengo hilo ndilo chanzo cha mengi yanayoitwa utundu: kuvuta nywele, kushika watu kwa nguvu, kutupa vitu. Tuseme mtoto wa miaka mitano anamshika mama mkono anapopika omena na kumburura hadi kwenye mtungi. Tayari amesema. Kinachobaki ni kumpa njia ya kusema hivyo akiwa mbali na mtungi, na kwa mtu asiye mama yake.

Picha ndizo njia ya kuanzia. Paketi ya maziwa, kifuniko cha uji, picha ya tuktuk, ya choo, ya mpira, ya nyanya yake. Zikatwe au zichapishwe kubwa, zifunikwe kwa plastiki ngumu pale saiba, yaani duka la kuchapishia, kwa sababu zitatafunwa, na zitenganishwe vya kutosha ili mkono unaotetemeka usiguse mbili kwa pamoja. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumpa mtoto picha na kumtaka azitumie kama mtihani: "Onyesha maziwa! Maziwa ni yapi?" Mtoto wa kawaida husikia maneno kwa mwaka mzima kabla hatujamtarajia aseme lolote. Huyu naye anahitaji kuwaona watu wazima wakizigusa picha wanapozungumza, mama akigusa picha ya uji anaposema "Tunakunywa uji sasa", siku baada ya siku, bila kudai jibu. Akigusa chochote, hata kwa bahati, achukuliwe kuwa amesema, na apewe. Halafu asubiriwe. Ubongo wake huchukua muda kuandaa mwendo wa mkono, na mtu mwenye haraka humjibia kabla hajafika. Picha hizo hazimzuii kusema. Kama maneno yapo, yatakuja.

Wazazi huambiwa wakati mwingine waache Kiluo au Kiluhya na kubaki na lugha moja ili wasimchanganye mtoto. Hakuna haja. Lugha ambayo nyanya yake, jirani na watoto wa uani wanaitumia ndiyo atakayoisikia zaidi, na kumwondolea hiyo ni kumpunguzia watu wa kuzungumza nao.

Shule zetu zina mahali pa kuanzia. Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vimekuwapo nchini tangu 1984, na ndivyo vinavyopaswa kumtathmini mtoto na kumwelekeza kwenye kitengo maalum au shule maalum. Mwalimu mkuu anayesema mtoto aletwe akishajifunza kuzungumza na akishaacha nepi amekosea kisheria pia: Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine za mawasiliano zinazofaa. Mfuko wa picha shingoni ni njia inayofaa. Usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya tathmini ya hospitali, ni wa kufanywa mapema, kwa kuwa huduma nyingine huulizia kadi. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya za wenye ulemavu mkubwa zilizosajiliwa, kiasi kisichotosha nepi, lakini si cha kuachwa.

Utafiti na miaka ya mbele

Kumbuka mfereji uliofungwa. Nakala ya baba ipo, ni nzima, na inanyamazishwa na uzi mrefu wa RNA, kemikali inayonakiliwa kutoka kwenye DNA, unaosomwa kinyume juu yake. Tangu 2020 watoto wachache katika nchi za nje wamekuwa wakidungwa, kupitia maji ya uti wa mgongo, dawa iliyoundwa kuuvunja uzi huo. Baadhi ya wa kwanza walipata udhaifu wa miguu, majaribio yakasimamishwa, kisha yakaendelea kwa dozi ndogo, na sasa dawa za namna hiyo zimefika awamu ya tatu ya majaribio. Hakuna iliyoidhinishwa. Anayemwuzia mzazi tiba ya Angelman leo, iwe ni chupa ya dawa, sindano ya seli au maombi ya kulipiwa, anauza kisichokuwapo.

Wakati huo huo mtoto anakua. Umri wa kuishi wa watu wenye hali hii unakaribia wa kawaida, jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Kifafa mara nyingi hupungua utotoni mwa baadaye na kinaweza kurudi ukubwani. Uti wa mgongo huweza kupinda, hasa kwa wasichana. Mwendo hupungua asipohimizwa kutembea. Binti asiyeweza kueleza yaliyompata anahitaji watu waaminifu wa kumwogesha na kumvisha, na wajulikane kwa majina. Ndugu zake waelezwe mapema, kwa lugha ya umri wao, bila kufanywa walezi wadogo. Na kwa kuwa mama hatakuwapo kila wakati, iandikwe karatasi moja na nakala zake zikae kwenye kijitabu cha kliniki, kwa mwalimu na kwa shangazi: jina la hali na aina yake ya kijenetiki, dawa anazotumia na zile za kuepukwa, degedege yake huchukua dakika ngapi na ikizidi ngapi apelekwe hospitali, anavyosema ndiyo na anavyosema hapana, na namba ya mtu wa pili wa kupigiwa wa kwanza asipopatikana.